Siku Walipoifunga Barabara ya Shemeji

Shemeji yangu alikuwa dobi. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu siku hizi watu wakisimulia habari zake hulirukaruka neno hilo kama dimbwi la maji machafu. Husema mwanaharakati, husema mtetezi wa haki, na yule bwana wa redio alisema mwanafikra. Alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba kimoja kilichojaa mvuke, mtaani kwetu, na mtaa mzima ulimwita Dobi, kuanzia watoto mpaka askari waliokuja kumkamata. Mikono yake ilikuwa na makovu ya pasi ya mkaa mpaka anaingia kaburini.

Wakati ule watu wa mtaa wetu tulikuwa na dirisha letu. Hospitali ilikuwa na dirisha la mbele na dirisha la nyuma. Posta vivyo hivyo, mahakama vivyo hivyo. Sisi tulihudumiwa nyuma, karibu na mapipa ya taka, baada ya watu wa mbele kwisha, na watu wa mbele walikuwa hawaishi. Dobi hakutunga hotuba. Alisema tu: twendeni tukasimame mbele. Na yeyote aliyekuwa tayari kwenda kusimama, Dobi alimfulia nguo zake na kuzipiga pasi bure. Hakutaka mtu afukuzwe kwa kisingizio cha shati chafu. Akifukuzwa, alisema, afukuzwe kwa sababu ni yeye, na wayatamke hayo mbele ya watu.

Basi tukasimama, tumenyooka kama maharusi. Tulimwagiwa maji, tulipigwa virungu. Yeye alifungwa, akatoka, akafungwa tena, na kila akitoka aliwasha mkaa wake na kuuliza nani anakwenda kesho. Mwishowe madirisha ya nyuma yakazibwa. Ukienda hospitali ile leo utaliona moja; waliliziba kwa matofali ya rangi nyingine, na hakuna aliyejisumbua kupaka lipu.

Alikufa kitandani mwake, kwa kifua. Tukamzika katika makaburi ya mtaani, ng'ambo ya uwanja wa mpira. Dada yangu, mjane wake, aliweza kubandika sufuria jikoni, akaenda kung'oa majani kaburini, akarudi kabla maji hayajachemka.

Kisha ikaja barabara.

Ilikuwa barabara kuu ya njia sita, ya kumtoa mtu kwenye ndege na kumfikisha kwenye ofisi za serikali bila kumwonyesha mtu kama mimi. Ilipita katikati ya mtaa wetu kama kisu kwenye mkate. Waliokuwa kwenye mstari walihamishwa. Sisi wengine tukabaki vipande viwili. Shule ilibaki upande wetu, makaburi na zahanati upande ule. Wakaweka uzio wa waya huku na huku, na katikati ukuta mfupi wa zege. Mtu akitaka kwenda ng'ambo kwa njia ya halali, hupanda basi mpaka kwenye mzunguko wa juu, akageuka nalo, na asubuhi yake imekwisha. Vijana walikata waya wakawa wanavuka mbio. Wengine walifika. Fundi baiskeli wetu hakufika, wala mama muuza mkaa, wala wale watoto wa shule. Sitawahesabu hapa.

Dada yangu ana nyonga mbovu, kwa hiyo mbio kwake ni hadithi, na basi la kuzunguka ni adhabu. Alikuwa anakaa barazani, akitazama juu ya migongo ya malori, mpaka kwenye ukuta wa makaburi.

"Namwona lakini simfikii," aliniambia siku moja. "Kama alipokuwa jela. Tena jela walau kulikuwa na siku ya kutembelea."

Mimi ni mdogo wake, na tunakaa nyumba moja. Nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha kupiga chapa, na elimu yangu niliipata darasa la jioni, baada ya kazi, vidole vikiwa bado vyeusi kwa wino. Aliyenisukuma darasani ni Dobi. Nalitaja hilo kwa fahari. Cheti changu kipo ukutani, na kioo chake nakifuta mwenyewe.

Habari ya jina aliileta mpwa wangu, mtoto wa pekee wa dada na Dobi. Ni diwani, na ana gari lenye vioo vyeusi. Alitukuta barazani tukinywa chai.

"Shikamoo mama. Shikamoo mjomba. Mama, leo nina habari ya kukufurahisha."

"Marahaba. Wamekubali daraja letu la kuvukia?"

"Kubwa kuliko daraja."

"Kubwa kuliko daraja ni kitu gani? Madaraja mawili?"

Mpwa wangu akacheka, akaketi, akainua kola ya shati. "Barabara, mama. Kipande chote hiki, kuanzia mzunguko wa juu mpaka mzunguko wa chini, kinapewa jina la baba."

Lori likapita, vikombe vikatetemeka kwenye visahani. Mimi, nisiwe mwongo, moyo ulinidunda. Mtu aliyepanga herufi maisha yake yote huona maandishi kabla hayajaandikwa. Nililiona bango, herufi nene, nyeupe juu ya kijani, na jina la mtu wetu juu ya vichwa vya wakubwa wote wanaopita.

Dada aliweka kikombe chini. "Barabara hii hii? Iliyonitenga naye?"

"Ndiyo heshima yenyewe, mama."

"Mtu akizama ziwani, ziwa hupewa jina lake ili kumheshimu?"

"Mama, baraza zima limepitisha. Hakuna hata mmoja aliyepinga. Kilichobaki ni ridhaa ya familia tu, na mjane ni wewe."

"Ridhaa yangu hiyo hapo," alisema dada, akanyoosha kidole ng'ambo. "Wajenge daraja la kuvukia watu wa miguu. Lisiwe la ngazi, liwe la kupanda polepole, la mtu mwenye nyonga kama yangu. Nikishavuka, waandike jina wanavyotaka, hata kwa dhahabu. Lakini daraja kwanza."

"Daraja ni mambo ya bajeti, mama. Jina ni..."

"Ni bure," nikamalizia.

Akanigeukia. "Mjomba, si wewe uliyekuwa unalalamika kila siku kwamba baba amesahauliwa?"

"Nililalamika, na bado nalalamika. Sikusema akumbukwe juu ya mgongo wa mama yako."

Aliondoka bila kumaliza chai. Dada akaniambia nitafute tai yangu.

Tulikwenda wenyewe kwenye ofisi ya barabara. Ilikuwa safari ya mabasi mawili, na dada alishuka kila basi kinyumenyume, amenishika bega, huku makondakta wakimhimiza. Kule tulipokewa na mhandisi, binti mdogo mwenye adabu, aliyetutolea viti na maji. Alitandaza mchoro mezani. Mtaa wetu ulikuwa kipande cheupe kisichoandikwa kitu.

"Bibi, natamani ningekusaidia," alisema. "Lakini daraja halimo kwenye mkataba. Barabara imeshakabidhiwa."

"Basi muwe mnaifunga kidogo," alisema dada. "Hata mara moja kwa wiki. Tusimame pale kwa foleni, tuvuke, tuwaachie barabara yenu."

Mhandisi alinitazama kama anayeomba msaada. "Bibi, barabara ya mwendo kasi haifungwi. Magari yakisimama pale kidogo tu, mji wote unakwama. Haijafungwa tangu ilipofunguliwa. Haiwezekani kabisa."

Akaitwa mkubwa wake, afisa uhusiano, bwana mwenye kiatu cha kung'aa na sauti ya kubembeleza wagonjwa. Alimshika dada mikono yote miwili. Alisema anamheshimu sana marehemu, kwamba bila watu kama marehemu yeye asingekuwa pale. Kisha akasema daraja lipo kwenye mpango.

"Mpango wenyewe uko wapi, mwanangu, niuone?"

"Ni mpango wa muda mrefu, bibi."

"Mimi si mtu wa muda mrefu," alisema dada.

Yule bwana akacheka, akadhani ni utani. Tukarudi mikono mitupu, na basi likapita kwenye hospitali ya zamani. Hapo dada akasema, "Shemeji yako angekuwapo tungelala pale pale mlangoni kwao."

"Tungelala," nikasema.

"Lakini ungeanza kukoroma, wangetufukuza."

Haikupita wiki, redio ikatangaza. Barabara kuu, kipande fulani, imepewa jina la shujaa wa haki za wanyonge. Sherehe itafanyika siku fulani. Mgeni rasmi atakuwa waziri. Halafu ikasikika sauti ya mpwa wangu, laini kama siagi: "Mama yangu ameipokea habari hii kwa machozi ya furaha." Dada alikuwa anashona kifungo cha shati langu. Akajigusa chini ya jicho, akatazama kidole chake, kikavu, akaendelea kushona.

Mpwa alipokuja jioni hiyo, dada hakumkaribisha kiti.

"Nani alikupa ridhaa yangu?"

"Mama, tuwe wakweli. Ukilikataa jina, daraja vilevile hawajengi. Utakosa jina, utakosa na daraja. Si bora tuchukue kilichopo?"

"Baba yako naye alipewa kilichopo," alisema dada. "Kilikuwa dirisha la nyuma."

Nilidhani yamekwisha hapo, maana hilo lilikuwa kofi. Lakini kijana alipandwa na kitu kilichokuwa kimelala siku nyingi.

"Baba yangu, baba yangu! Kila mtu mtaa huu ana hadithi ya Dobi aliyempigia pasi. Mimi nilikuwa na baba aliyekuwa jela. Nilikwenda shule na shati lenye mikunjo, mimi mtoto wa dobi, kwa sababu pasi ilikuwa inanyoosha mashati ya watu wanaokwenda kusimama naye. Leo napata nafasi ya kumweka mahali ninapoweza kumwona, mnanikatalia. Mnataka abaki wenu."

Nilitazama ukutani, kwenye cheti changu. Dada ndiye aliyesema mwishowe, na sauti yake haikuwa ya ugomvi.

"Haya, mwanangu. Weka bango lako. Mimi kwenye hema lenu sikai."

"Mama, sherehe ni hapo mlangoni pako."

"Basi nitaisikia."

Mimi niliombwa kusema machache kwa niaba ya familia. Nilikubali, nami nilijua kwa nini nakubali. Hotuba moja niliiandika vizuri nikaipeleka ofisini kwao, nao wakairudisha na salamu kwamba imepita. Nyingine niliiweka kichwani, na hiyo ilikuwa ya daraja. Niliirudia nikinyoa ndevu, niliirudia nikifua soksi. Nilipima kila sentensi, maana nilitaka waziri asipate pa kupumulia.

Siku ya sherehe dada aliniita kungali mapema. Nilimkuta amesimama barazani na fimbo yake.

"Sikiliza," alisema.

"Sisikii kitu."

"Ndicho hicho."

Barabara ilikuwa kimya. Tangu ilipojengwa hatukuwahi kuisikia hivyo. Upande wa juu askari wa usalama barabarani walikuwa wameweka vizuizi, na magari yote, malori, mabasi, ya wakubwa na ya wadogo, yalikuwa yanageuzwa kupita barabara ya zamani. Barabara isiyofungika ilikuwa imefungwa, kwa usalama wa wageni. Mafundi walikuwa wanatandaza zulia jekundu juu ya lami, wanasimamisha hema na kupanga viti. Walikuwa wametoa vipande vya uzio pande zote mbili ili jukwaa lipate nafasi. Na katikati, katika ule ukuta wa zege, palikuwa na lango la chuma la dharura ambalo nilikuwa sijapata kuliona wazi. Walilifungua ili msafara wa waziri ugeukie pale pale, usipate taabu ya kwenda mpaka kwenye mzunguko.

Sidhani kuna mtu aliyepanga. Nimeulizwa sana na watu wa mpwa wangu, na jibu langu ni hilo hilo. Watu wa mtaa walikuja kwenye sherehe kama walivyoalikwa, wamevaa nguo zao nzuri, zimenyooshwa vizuri. Kizazi cha Dobi hakijasahau kunyoosha nguo. Wakasimama karibu na viti. Wakatazama viti, kisha wakatazama lango.

Wa kwanza alikuwa seremala. Alikuwa na kabati la kaka yake ambalo lilikaa karakanani kwake tangu uzio ulipowekwa, kwa kuwa kaka alikuwa ng'ambo na kabati haliingii ndani ya basi. Alilitoa na vijana wake, wakalibeba juu juu, wakapita mbele ya jukwaa wakisema "samahani, samahani, hodi jamani," wakatokea upande wa pili. Baada ya hapo ni kama mfereji uliozibuliwa. Zilipita godoro, cherehani, mbuzi wawili, mtungi wa gesi. Mzee mmoja alisukumwa ndani ya toroli akiwa na koti na kofia, amekaa kama mfalme, kwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa ng'ambo na sasa alikuwa ameota meno. Na kutoka ule upande walikuja wa kule, wakikimbilia kwetu, wakiitana majina kwa sauti za kupasuka. Ndugu walikumbatiana langoni wakazuia wenye mizigo, wenye mizigo wakawatukana, kisha na wao wakakumbatiana.

Askari walishika virungu. Mmoja, wa cheo, akamsimamisha seremala aliyekuwa anarudi kuchukua milango ya kabati.

"Nyie mnaandamana?"

"Hatuandamani, afande. Tunavuka."

Afande alitafuta kosa asilione. Barabara ilikuwa imefungwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeifunga.

Mshereheshaji alipiga kelele kwenye kipaza sauti: "Ndugu wananchi, tunaomba mkae! Viti vipo vya kutosha!"

"Hata nyumbani viti tunavyo!" mama mmoja akamjibu, ana kuku chini ya kwapa.

Waziri alipofika alikuta hema lina maofisa, wapiga picha na safu nyingi tupu. Alijikaza, maana ni mtu mzoefu. Akasema barabara hii inaunganisha taifa. Nyuma yake lilipita sofa. Kisha mpwa wangu akapewa kamba, akavuta, kitambaa kikaanguka, na jina likatokea, kamili, majina yote matatu kama kwenye cheti cha kuzaliwa. Nilikuwa nimeyaona herufi kwa herufi kichwani mwangu, na kweli yalipendeza. Wanawake wawili waliokuwa wanapita na ndoo wakasimama kutazama.

"Ni nani huyo?"

"Simjui. Labda ndiye mfadhili."

"Nilisikia ni ya Dobi."

"Ingekuwa ya Dobi wangeandika Dobi."

Wakaenda zao. Mpwa wangu aliwasikia. Nilimwona akiendelea kuishika kamba, ilhali haikuwa na kazi tena.

Nikaitwa mimi. Nilipanda jukwaani na tai yangu na hotuba yangu ya kichwani. Nikatazama chini, nikaona waziri anasoma simu, na afisa uhusiano ananikodolea macho. Ng'ambo ya viti nikamwona dada yangu. Alikuwa ametoka barazani. Alikuwa anavuka peke yake, hatua na fimbo, hatua na fimbo, na hakulitazama bango.

Hotuba ile ilikuwa nzuri. Sijaisahau mpaka leo, na kama kuna mtu anaitaka aje nimsomee. Lakini nilisema kwenye kipaza sauti maneno haya tu: "Mimi naenda kwenye kaburi la mwenye jina. Anayetaka aje." Nikashuka, nikamshika dada mkono.

Alisimama kwenye njia ya kati akagusa lami kwa ncha ya kiatu. "Kumbe ni laini," alisema. Mpwa wangu akatukuta hapo, anahema.

"Mama, tafadhali. Mgeni rasmi anataka kukusalimia. Kamera zinakusubiri wewe."

"Mwambie nimetoka kidogo."

"Mama!"

"Na wewe njoo. Baba yako yuko pale."

Alitazama makaburi, akatazama hema. Akasema atakuja wageni wakishaondoka. Akarudi kwenye hema.

Kaburi lilikuwa limemezwa na majani mpaka kifuani. Tulimkuta wifi yake dada, yaani dada yake Dobi, ameshafika na jembe dogo, ameinama anapalilia. Yeye anaishi nyuma ya makaburi. Aliinua uso, akakaza macho.

"Wifi! Ni wewe? Mimi nilidhani umekufa."

"Na mimi nilidhani wewe ndiye umekufa," alisema dada. "Nikasema potelea mbali, nitamzikaje mtu wa ng'ambo ya barabara?"

Walicheka mpaka wakalazimika kukaa, na kucheka kukageuka, kama kunavyogeuka. Niliwaacha nikaenda kung'oa majani upande wa miguuni. Jiwe la kichwani lilikuwa limeinama. Kwenye jiwe, mimi mwenyewe ndiye niliyeyapanga maneno yale zamani: Dobi, alisimama mbele.

Dada aling'oa jani moja moja. Alifanya kazi ile polepole sana, kama mtu anayekula chakula alichokingoja. Hatukuwa tumefika nusu tuliposikia ving'ora. Waziri alikuwa anaondoka. Mara filimbi zikalia kila upande, vipaza sauti vikaamuru watu watoke barabarani, na ukasikika mshindo wa lango la chuma likifungwa. Nilikimbilia kwenye ukuta wa makaburi nikaona. Watu walikuwa wanatawanyika kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Wengine waliruka zege kuwahi nyumbani, wengine waliitana kutoka pande mbili na hawakufikiana. Toroli la yule mzee lilikuwa limesimama tupu kwenye njia ya kasi, askari akalisukuma pembeni kwa mguu. Uzio ukarudishwa. Lori la kwanza likapita, na vumbi la zulia likaruka.

"Dada, tumechelewa," nikasema niliporudi. "Tungewahi."

"Niwahi wapi?" Hakuinua kichwa. "Nilikotaka kwenda ndiko huku."

Mpwa alipiga simu. Alikuwa amesimama barazani kwetu. Nilimwona, mdogo kama kijiti, juu ya mabati ya malori. Akasema atatuma gari lizunguke. Lilipofika, jua limeshashuka, na dada alikuwa nyumbani kwa wifi yake, amevua viatu, ameegemeza nyonga kwenye mto. Dereva akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mwambie mwanangu ahsante," dada alimwambia. "Nyumbani kwangu nitarudi kwa miguu. Wakishaweka pa kupita."

"Lakini bibi, leo..."

"Hata kesho sina haraka."

Niliondoka na gari hilo mimi peke yangu. Tulikwenda mpaka kwenye mzunguko, tukageuka, na taa zetu zikamulika bango. Dereva akalisoma kwa sauti, akaniuliza kama nilikuwa namjua mtu huyo.

Dada yuko kule mpaka sasa. Mimi naitunza nyumba yake. Nguo zake nilimpelekea kwa basi, na fimbo ya akiba. Daraja halijajengwa. Jina, ndiyo, limeshika. Redio hulitaja zaidi ya nilivyotarajia. Hulitaja asubuhi, baada ya taarifa ya hali ya hewa: mtembea kwa miguu amegongwa katika Barabara ya fulani, na wanamtaja Dobi wetu kwa majina yote matatu. Juzi alikuwa binti wa seremala.

Baada ya mazishi ya binti huyo mpwa wangu alinitembelea. Amenenepa na amezeeka pamoja. Alikaa mahali pa mama yake barazani, akachezea funguo za gari, akasema kuna pendekezo kwenye baraza lao la madiwani, zuri sana, la kuupa ule mzunguko wa juu jina la mama.

"Mama yako hajafa," nikamwambia.

"Ni kwa ajili ya baadaye, mjomba. Maandalizi tu. Ungezungumza naye wewe, mimi hapokei simu yangu."

Alipoondoka nilipiga simu ng'ambo. Nilimwona dada akitoka kuipokea, doa la kanga nyekundu kando ya ukuta wa makaburi. Nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa, nikangoja amalize.

"Na daraja?" aliuliza.

Lori likapita. Nililisikia mara mbili, kwa sikio hili na kwa simu, na sote wawili tukanyamaza mpaka lilipokwisha kupita. Nyuma yake lilikuwa linakuja jingine.